Waya mweusi nao una kazi: dhana potofu kuhusu sabufa za kwenye buti

Mwezi huu peke yake wateja watatu wamenijia hapa Chake Chake wakiwa wamekumbatia amplifaya walizozifungua wenyewe kwenye buti, na kila mmoja alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijamaliza kuitikia salamu: "Fundi, hii imekufa, nitafutie nyengine." Zote tatu zilikuwa nzima. Nilipoziunga na umeme wa mezani zilipiga bila ya kukatika, nami nikawataka wakaniletee gari, kwa kuwa ugonjwa walikuwa wameuacha huko.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni ile isemayo kwamba umeme huletwa na waya mwekundu, na mweusi ni wa kukamilishia tu. Kwa imani hiyo mtu hununua waya mnene wa chanya, yaani ule mwekundu, akaupitisha kwa uangalifu kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, kisha hasi, yaani ule mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, akaifunga kwa kipande chembamba alichokiokota na kukibana chini ya parafujo ya mwanzo aliyoiona, juu ya rangi. Ukweli ni kwamba ampea zinazokwenda kwa waya mwekundu ndizo hizo hizo zinazorudi kwa mweusi, bila ya kupungua hata moja. Amplifaya ya daraja la D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, yenye wati 500 halisi huvuta takriban ampea 45 pale besi inapopiga kwa nguvu zote, na kwa mkondo huo ukinzani wa omu 0.03, ambao mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kuusoma, hupoteza zaidi ya volti moja. Hapo amplifaya hukosa chakula, taa yake nyekundu ya kujilinda huwaka, na mwenyewe hudhani imekufa.

Huku kwetu kuna na chumvi. Gari ya mmoja wa wale watatu hubeba magunia ya mwani mbichi, na maji yake yalikuwa yakichuruzika chini ya zulia la buti. Nilipolinyanyua zulia nilikuta makonyo ya karafuu ya msimu uliopita, kutu nyekundu kuzunguka parafujo, na kichwa cha waya wa hasi kimegeuka kijani. Niliiweka mita kwenye volti, ncha moja nikaigusisha hasi ya betri kwa waya mrefu, ya pili hasi ya amplifaya, kisha nikamwambia afungulie muziki. Kila besi ilipogonga, mita iliruka hadi volti 1.8. Baada ya kuihamisha ile hasi na kuifunga upya, haikuvuka 0.1, na amplifaya "iliyokufa" ilitikisa kibao cha namba ya gari.

Kazi yenyewe haihitaji miujiza. Waya wa hasi uwe na unene sawa na wa chanya, urefu wake usizidi nusu mita, na pahala pa kuufunga pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae. Funga kwa bolti na nati, kisha ndipo upake grisi juu yake kuzuia unyevu. Anayepaka rangi kwanza anarudi pale pale alipoanzia. Usitumie bolti ya mkanda wa kiti, na kabla ya kutoboa ingia uvunguni ujue tangi la mafuta na paipu za breki zimepita wapi. Mimi huongeza waya mmoja zaidi chini ya boneti, kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi, na wateja hunung'unikia bei yake mpaka wasikie tofauti. Hasi ikiwa mbovu, umeme hutafuta njia nyengine ya kurudi, na mara nyingi huipata kwenye nyaya nyembamba za sauti zinazotoka kwenye redio. Hapo husikika mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta, na siku nyengine redio yenyewe huungua.

Wapo wanaoamini kwamba fyuzi ikikatika mara kwa mara dawa yake ni kuweka kubwa zaidi. Fyuzi ya kwenye betri inaulinda waya, siyo amplifaya, ndiyo maana hukaa karibu na betri na siyo ndani ya buti. Ukiweka ya ampea 100 kwenye waya wa milimita 4 za mraba, siku waya utakapochubuka kwenye bati utakaoungua ni waya na zulia, na fyuzi itabaki salama.

Kapasita, kile kifaa cha kuweka akiba ya umeme kwa muda mfupi, nayo husifiwa kwamba inaponya taa zinazofifia. Haizalishi umeme hata chembe, kwa hiyo haiwezi kufidia waya mwembamba wala alteneta iliyochoka. Waya wa shaba wa mita 5 wenye milimita 4 za mraba hupoteza kama volti moja kwa ampea 45. Wa milimita 16 hupoteza robo tu ya hiyo. Tena ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa, kwani ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na itakubidi ununue mnene zaidi.

Kuhusu wati elfu kadhaa zilizoandikwa kwenye boksi, soma zile za RMS, yaani wati inazoweza kuzitoa mfululizo, na uachane na nyengine. Kitufe cha geini, kile cha kuilinganisha amplifaya na redio, nacho si cha kuongezea sauti: kikizidishwa, mawimbi hukatwa vichwa, na koili ya sabufa huungua hata kama amplifaya ni ndogo.

Mwisho ni wale wanaosema sabufa mbili lazima zishinde moja. Zikiungwa kinyume, moja husukuma hewa na nyengine huivuta, na besi hupotea. Kabla ya kufunga boksi, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye kila sabufa, chanya kwa chanya, na utazame koni. Moja ikitoka na nyengine ikaingia, geuza nyaya za moja tu.