Saa 2:09:48 za Simbu na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Marathoni

Alphonce Felix Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, shangwe ilikuja na maswali yake. Mbona muda mkubwa hivyo, ilhali kuna wanaokimbia saa 2:01? Mbona wawili wameandikiwa muda mmoja lakini medali ni tofauti? Maswali ni ya haki. Televisheni inatuonyesha miguu na saa, na mengi yanayoamua mbio hayaonekani kwenye vitu hivyo viwili. Zifuatazo ni dhana zinazorudiwa sana, kuanzia vibanda umiza hadi sebuleni, na ukweli wake.

Dhana: 2:09:48 ni muda wa kawaida tu, kwa hiyo dhahabu ile ilikuwa rahisi.

Ukweli: Kabla ya kulinganisha muda wa marathoni mbili, uliza kwanza zilikuwa mbio za aina gani. Ziko mbio za muda, kama Berlin na Chicago: njia tambarare, baridi kiasi waandaaji wakibahatika, waongoza kasi waliolipwa (wakimbiaji wanaotangulia ili kundi lishike kasi), na bonasi kwa atakayevunja rekodi. Na ziko mbio za nafasi, yaani Olimpiki na Mashindano ya Dunia. Huko hakuna waongoza kasi, mbio mara nyingi huangukia miezi ya joto, na kinachotafutwa ni medali tatu tu. Kumaliza wa nne kwa muda mzuri hakumpi mtu chochote cha kuvaa shingoni.

Mtazame Eliud Kipchoge. Berlin mwaka 2018 alikimbia 2:01:39. Olimpiki ya Rio 2016 aliishinda kwa 2:08:44, na ile ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo Agosti 2021, kwa 2:08:38. Ni mtu yule yule, miguu ile ile, tofauti ya dakika 7. Simbu naye, miezi mitano kabla ya Tokyo, alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Anayesema hana kasi hajatazama matokeo yake.

Joto ndilo jambo ambalo mtazamaji wa nyumbani hulidharau zaidi. Tokyo mbio zilianzishwa nusu saa mapema kuliko ratiba ya awali kwa sababu yake. Misuli ya mkimbiaji huzalisha joto jingi, na njia kuu ya kulitoa ni jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho linadondoka chini badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halimpozi mtu. Moyo unadaiwa damu sehemu mbili kwa mpigo, kwenye ngozi ili kupoza na kwenye misuli ili kukimbia. Anayeng'ang'ania kasi ya Berlin katika hali hiyo hukatika kuanzia kilomita ya 30. Hata Berlin yenyewe, siku sita baada ya ushindi wa Simbu, joto lilimwonyesha kazi Sabastian Sawe wa Kenya: alipita nusu ya njia chini ya dakika 61, akapungua kasi, akashinda kwa 2:02:16.

Kwa hiyo katika mbio za nafasi kundi kubwa hukaa pamoja muda mrefu. Hakuna anayetaka kutangulia, maana aliye mbele anakata upepo kwa niaba ya wote nyuma yake. Mtazamaji anaona uzembe pale ambapo kila mmoja anahesabu nguvu zilizobaki. Ukitaka kujua nani yuko salama, acha kuitazama saa, tazama meza za vinywaji. Anayekosa chupa yake na kulazimika kurudi nyuma, au anayeacha kuchukua sifongo wakati wenzake wote wanajipoza, mara nyingi ndiye atakayeachwa kilomita tano mbele. Kwa maoni yetu, ushindi kama wa Tokyo ni mgumu kuliko muda wa 2:04 uliopatikana kwa kufuata mgongo wa mwongoza kasi hadi kilomita ya 30, na inasikitisha kuusikia ukipunguzwa kwa tarakimu za saa.

Dhana: Simbu na Petros walipata muda mmoja, kwa hiyo wangegawana dhahabu.

Ukweli: Ubao uliandika 2:09:48 kwa Simbu na 2:09:48 kwa Amanal Petros wa Ujerumani kwa sababu muda rasmi wa mbio za barabarani huandikwa kwa sekunde kamili. Ikibaki sehemu ya sekunde, hupandishwa hadi sekunde inayofuata. Nafasi haitoki kwenye ubao huo, inatoka kwenye picha ya mstari wa kumalizia.

Kamera ya picha hiyo haipigi uwanja mzima. Inautazama mstari wa kumalizia peke yake, tena kipande chembamba mno, maelfu ya mara kwa sekunde, kisha vipande hupangwa ubavu kwa ubavu. Mwamuzi anasogeza mstari wima juu ya picha mpaka uguse kiwiliwili cha mkimbiaji. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi. Ndiyo maana kujirusha hakumsaidii mtu kila mara: Petros alijirusha akaanguka, na kiwiliwili cha Simbu kilikuwa kimeshatangulia kwa sekunde 0.03. Kwa mtu anayekwenda mita 6 na ushei kwa sekunde, hiyo ni kama sentimita 20 baada ya kilomita 42. Fainali ya mita 100 ya wanaume kwenye mashindano hayo hayo ilikuwa na pengo kubwa zaidi, 9.77 dhidi ya 9.82.

Iliass Aouani wa Italia, aliyeingia nao uwanjani, alichukua shaba kwa 2:09:53.

Dhana: Kipchoge alivunja saa mbili, kwa hiyo 1:59:40 ni rekodi ya dunia.

Ukweli: Alikimbia umbali kamili wa marathoni Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na alichokithibitisha kuhusu mwili wa binadamu hakiwezi kufutwa. Lakini haikuwahi kuwa rekodi, na hata waandaaji hawakuiomba iwe. Hayakuwa mashindano ya wazi: mshindani alikuwa mmoja tu. Waongoza kasi 41 walipokezana, wakiingia na kutoka njiani, wakati kanuni ya rekodi inataka kila anayesaidia awe ameanza pamoja na wengine kwenye mstari. Gari lililotangulia lilimulika barabarani miale ya leza kuonyesha mahali pa kukanyaga ili kasi isipotee. Vinywaji aliletewa na waendesha baiskeli, hakulazimika kusogea mezani.

Usichanganye na 2:00:35 ya marehemu Kelvin Kiptum, Chicago tarehe 8 Oktoba 2023. Ile ilikuwa rekodi halali, iliyoidhinishwa siku chache kabla ya ajali iliyomuua Februari 2024. Nusu ya kwanza alitumia dakika 60:48, ya pili 59:47. Kati ya kilomita ya 30 na ya 35, mahali ambapo wengi huanza kuburuza miguu, alitumia 13:51, yaani kama 2:46 kwa kila kilomita. Wastani wake wa mbio nzima ulikuwa karibu 2:51.5 kwa kilomita. Ukitaka kuuonja, nenda uwanja wa kukimbilia ujaribu mzunguko mmoja wa mita 400 kwa sekunde 68.6. Yeye alikwenda hivyo mizunguko 105 na nusu.

Dhana: Waongoza kasi ni udanganyifu, na lazima watoke njiani.

Ukweli: Wanaruhusiwa kikanuni, mradi waanze na wenzao. Kazi yao ni mbili: kushikilia kasi iliyokubaliwa mkutanoni kabla ya mbio, na kukata upepo. Wengi hutoka kati ya kilomita ya 25 na ya 30 kwa sababu ndipo mkataba wao unapoishia. Hakuna kanuni inayowakataza kuendelea. Simon Biwott wa Kenya aliajiriwa Berlin mwaka 2000 kuongoza kasi, akaona mwili unamruhusu, akaendelea mpaka mwisho na kushinda. Boston na New York hawawatumii, ndiyo maana mbio zao zina mvutano mwingi na muda wa kubahatisha.

Kasi ya kwanza ikizidi, hata kwa sekunde mbili kwa kilomita, deni hulipwa mwishoni. Ukiona waongoza kasi wanageuka nyuma mara kwa mara, kundi linawakataa: wamezidisha.

Dhana: Muda wowote mdogo kuliko rekodi ni rekodi.

Ukweli: Njia nayo ina masharti. Mstari wa kumalizia hauruhusiwi kuwa chini kuliko wa kuanzia kwa zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni. Na umbali wa moja kwa moja kati ya mistari hiyo miwili usizidi nusu ya mbio, ili upepo wa mgongoni usiwasukume watu njia nzima. Boston inashindwa yote mawili: inashuka takriban mita 140 kutoka Hopkinton, mahali pa kuanzia, tena inaelekea upande mmoja. Ndiyo sababu 2:03:02 ya Geoffrey Mutai mwaka 2011 haikuingia kitabuni, ingawa rekodi wakati huo ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie. Wanaosema Boston ni mteremko mtupu nao wanakosea. Vilima vya Newton huja baada ya kilomita ya 26, vikimkuta mtu mwenye mapaja yaliyoumizwa na mteremko wa mwanzo.

Dhana: Saa yangu ilionyesha kilomita 42.6, kwa hiyo waandaaji walikosea kupima.

Ukweli: Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, iliyosahihishwa kwanza kwenye kipande kilichopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji hufuata njia fupi kuliko zote, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona. Kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita kama kinga, hivyo njia halisi huwa kama kilomita 42.237. Mkimbiaji wa kawaida huyumba barabarani kukwepa watu na kupita kona kwa nje, na saa ya mkononi hupotoshwa na majengo marefu.

Dhana: Rekodi ya wanawake ni moja, na mwanariadha akifungiwa rekodi zake zote hufutwa.

Ukweli: Zipo orodha mbili. Moja ni ya mbio za mchanganyiko, ambako mwanamke anaweza kuongozwa na wanaume mpaka utepe. Nyingine ni ya mbio za wanawake peke yao, kama London, ambako wanaanza kabla ya wanaume. Huko Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia 2:15:50 Aprili 2025. Kwenye mchanganyiko, Berlin 2023, alikuwa amekimbia 2:11:53. Ni makosa kuweka muda wa London kando ya muda wa Berlin na kusema mmoja ameshuka kiwango.

Kuhusu kufungiwa: Ruth Chepngetich wa Kenya aliweka rekodi ya mchanganyiko ya 2:09:56 Chicago Oktoba 2024, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3 kwa dawa ya kuongeza mkojo iliyopatikana kwenye sampuli ya tarehe 14 Machi 2025. Matokeo yanayofutwa huanzia siku ya sampuli kwenda mbele. Ya Chicago yalikuwa kabla, hivyo adhabu ile haikuyagusa. Mtu anaweza kulichukia jambo hilo, na wengi tunaumia nalo, lakini kanuni ndiyo hiyo.

Dhana: Siku hizi vinakimbia viatu.

Ukweli: Viatu vyenye sponji nyepesi na bamba gumu vimepunguza muda, hilo halina ubishi. Lakini vina mipaka: soli isizidi milimita 40 na bamba liwe moja. Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka utepe wa kwanza Vienna Septemba 2021, akaondolewa kwa kuvaa soli ya sentimita 5, ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wa Kenya. Na kwa kuwa kundi lote la mbele limevaa viatu vya aina hiyo, haviwezi kueleza kwa nini huyu ameshinda na yule ameachwa.

Dhana: Pengo ni dogo, anamfikia sasa hivi.

Ukweli: Kamera iliyo mbele yao, yenye lenzi ndefu, huwabana wakimbiaji waonekane wamegusana. Kwa kasi ya kundi la mbele, sekunde 1 ni karibu mita 5.7, kwa hiyo sekunde 10 ni mita 57. Pima mwenyewe: chagua nguzo ya taa, anzisha saa ya simu kiongozi anapoipita, isimamishe anapofika wa pili. Kisha gawa kwa kilomita zilizobaki. Pengo la sekunde 20 zikiwa zimebaki kilomita 5 linataka anayefukuza akimbie kila kilomita kwa sekunde 4 pungufu ya aliye mbele. Kiongozi akiwa anakwenda 2:58, mwenzake lazima aende 2:54 bila kuteleza hata mara moja. Rudia kupima kila baada ya kilomita. Pengo likibaki lile lile mara mbili mfululizo, mbio za nafasi ya kwanza karibu zimekwisha, hata mtangazaji apaze sauti namna gani.