Bei imekosewa, oda imefutwa: wanayosema watu na inavyosema sheria

Kila msimu wa punguzo la Novemba kisa ni kilekile. Simu ya shilingi 45,000 inaonekana mtandaoni kwa 4,500, kiungo kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanalipa kwa M-Pesa, na kabla jua halijazama wanaletewa ujumbe: oda yako imefutwa kwa sababu ya hitilafu ya bei. Hasira inayofuata naielewa. Kinachonisikitisha ni ushauri unaogawiwa saa hiyo, kwa sababu mwingi wake unawapeleka wateja kupigania kitu wasichoweza kukipata, huku wakiachia kilicho chao kabisa.

"Bei ikishatangazwa, duka haliwezi kurudi nyuma"

Linaweza. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za mikataba za Uingereza, na huko Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 1953, katika kesi ya maduka ya dawa ya Boots, kwamba bidhaa iliyopangwa rafuni na bei yake ni mwaliko tu. Mteja anapoifikisha kwa keshia ndipo anapotoa ombi la kununua, na duka lina hiari ya kulikubali au kulikataa. Ukurasa wa bidhaa kwenye tovuti huangaliwa kwa jicho hilohilo. Ni sawa na barua ya posa: kuipokea si kufunga ndoa.

"Nimelipa na nimepata ujumbe wa uthibitisho, basi mkataba upo"

Hapa jibu linategemea maneno ya ujumbe wenyewe, na watu wengi hawayasomi. "Tumepokea oda yako" ni taarifa tu kwamba ombi limefika. "Oda yako imekubaliwa" ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana maduka mengi makubwa huandika katika masharti yao kwamba mkataba unafungwa pale bidhaa inapotumwa, si pale mteja anapolipa.

Uingereza iliona duka likikataa na duka likikubali katika muda mfupi. Mwaka 1999 tovuti ya maduka ya Argos iliweka televisheni ya Sony kwa pauni 2.99 badala ya takriban 299. Watu waliagiza kwa wingi, Argos ikakataa kuwapa. Januari 2002 ikawa zamu ya Kodak: kamera ya dijitali ya pauni 329 ilitangazwa kwa pauni 100. Kodak nayo ilianza kwa kukataa. Lakini wateja wake walikuwa na barua pepe za uthibitisho zilizosomeka kama makubaliano, na pauni 100 kwa kamera ilikuwa bei ambayo mtu angeweza kuiamini kuwa ofa maalumu. Walipotishia kwenda mahakamani, kampuni ikakubali kuwauzia kwa bei ileile. Televisheni ya pauni tatu hakuna anayeweza kuapa kwamba aliiamini.

"Kosa ni lao wenyewe, kwa hiyo hasara ni yao"

Hili linavutia kwa sababu linasikika kama haki. Asiyekuwa makini na alipe! Ila kesi inayorejelewa zaidi kuhusu bei zilizokosewa mtandaoni ilikwenda kinyume nalo, na inafaa kusimuliwa kwa kirefu.

Januari 2003, nchini Singapore, mfanyakazi wa kampuni inayohusiana na duka la mtandaoni la Digilandmall alikuwa kwenye mafunzo. Namba za majaribio alizoingiza zikafika kwenye tovuti halisi, na printa ya leza ya HP iliyokuwa ikiuzwa dola 3,854 za Singapore ikaonekana kwa dola 66. Siku chache baadaye, usiku wa manane, marafiki sita waliambiana na kuagiza printa 1,606. Kompyuta ya duka ikawajibu yenyewe kwamba ununuzi umefanikiwa. Duka lilipogundua likakataa kutuma hata moja, nao wakashtaki.

Jaji V. K. Rajah, mwaka 2004, alikubali kwamba majibu yale ya kompyuta yangetosha kufunga mkataba; duka halikuweza kujitetea kwamba hakuna binadamu aliyejibu. Kilichowaangusha wale sita ni kile walichokijua. Ushahidi ulionyesha walivyoulizana usiku ule, walivyotafuta mtandaoni bei halisi ya printa, na walivyoharakisha kabla kosa halijarekebishwa. Anayejua kwamba mwenzake amekosea, kisha akaliwahi kosa hilo, hawezi kuiomba mahakama imlindie faida hiyo. Mkataba ukahesabiwa batili, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye.

Kwa hiyo ule ujumbe wa "nunueni chapchap kabla hawajashtuka" unaoutuma kwenye kundi ni ushahidi dhidi yako.

Hata kufikishiwa mzigo si mwisho wa maneno kila mahali. Ujerumani, Januari 2005, Mahakama Kuu ya Shirikisho ililiruhusu duka kudai kurudishiwa laptopu iliyokwisha kufika kwa mnunuzi: bei iliyokusudiwa ilikuwa euro 2,650, programu ikaonyesha 245.

"Basi duka linaweza kufuta oda yoyote kwa kusema bei imekosewa"

Hii nayo ni dhana potofu, na huenezwa na wauzaji. Wateja wanaipinga kidogo mno kuliko inavyostahili kupingwa.

Kinga ya duka inasimama juu ya swali moja: je, mnunuzi alijua, au mtu yeyote wa kawaida angejua, kwamba bei ile haiwezekani? Simu ya 45,000 kuuzwa 4,500 ni kosa linaloonekana waziwazi. Simu hiyohiyo kuuzwa 31,000 wakati wa punguzo ni biashara ya kila siku, na mteja aliyeinunua kwa nia njema hakuvizia kosa la mtu. Ikiwa oda yake ilishakubaliwa, duka kuja kusema "tulikosea" hakutoshi. Tanzania sheria iko wazi zaidi hapa: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyojengwa juu ya sheria ya India ya 1872, inasema mkataba haubatiliki kwa sababu tu upande mmoja ulikosea kuhusu jambo la ukweli. Duka linapaswa kuonyesha zaidi ya uzembe wake.

Wengine hukimbilia kifungu cha masharti kinachosema "tuna haki ya kufuta oda wakati wowote kwa sababu yoyote". Kisiwatishe. Haki zilizotolewa na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya Kenya ya 2012 hazifutwi na makubaliano ya pembeni. Tena, duka ambalo "hukosea" bei kila msimu, likavuta watu kwenye programu yake kisha likafuta oda, halina kosa la kompyuta tena. Kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu bei kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, na Tanzania na Sheria ya Ushindani Halali ya 2003. Tofauti kati ya kuteleza na kulaghai huonekana kwenye kujirudia, kwa hiyo malalamiko ya watu wengi yakikusanywa pamoja yana uzito kuliko la mmoja.

"Pesa zitabaki kwenye akaunti yako ya dukani, utazitumia siku nyingine"

Hapana. Kama hakuna mkataba, duka halina sababu ya kushikilia hata shilingi moja. Ulilipa pesa, zirudi pesa, zote, pamoja na ada ya usafirishaji. Vocha ni sawa ukiitaka mwenyewe. Kulazimishwa ni kununua bidhaa usiyoichagua kutoka kwa mtu aliyeshindwa kukupa uliyoichagua. Sheria ya mikataba ya Tanzania inamtaka aliyepokea manufaa chini ya makubaliano yaliyogundulika kuwa batili ayarudishe.

Hapa ndipo ningependa nguvu zote za hasira ziende. Simu ya 4,500 huenda usiipate kamwe, lakini 4,500 yako ni yako leo. Usibonyeze kitufe cha kukubali vocha kabla hujaandika kwamba unataka pesa.

"Ni pesa kidogo, hakuna pa kuzidai"

Kenya ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauziano ya bidhaa na ya pesa zilizoshikiliwa. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Malalamiko ya kupotoshwa hupelekwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Tanzania, Tume ya Ushindani.

Kabla ya hapo, hifadhi picha ya skrini yenye bei na tarehe, ujumbe wa M-Pesa, namba ya oda, barua pepe zote, na masharti ya duka kama yalivyosomeka siku uliyonunua, maana hubadilishwa. Kisha liandikie duka: taja kiasi ulicholipa, sema unataka kirudishwe kwa njia ileile uliyolipia, na weka siku ya mwisho ya kungoja.