Tundu la CD

"Fundi, naomba unitobolee hapa."

Ilikuwa asubuhi ya Julai, ile baridi ya Arusha ambayo pasi ya kulehemu unaishika kwanza kwa ajili ya kupasha vidole. Mama mmoja kaweka mashine ya gemu juu ya meza yangu hapa Kaloleni, nyeupe, mpya, nailoni bado haijabanduliwa. Pembeni kaweka kikapu chenye CD kumi na moja ambazo mwanawe aliachiwa na mjomba wake aliyehamia Mwanza.

"Shikamoo mama. Nitoboe wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pa kuingizia CD. Nimeigeuza yote sijapaona, nadhani walisahau."

Hawakusahau. Siku hizi mashine nyingi zinatoka kwa matoleo mawili, lenye draivu ya kusomea CD na lisilo nayo, na hilo la pili huwa na bei ya chini kidogo. Aliyemuuzia alimwambia ni ileile ila nyembamba. Ni ileile kweli: chipu zilezile, pedi ileile ya kuchezea, picha ileile kwenye TV. Ila mtoto sasa ana mashine ambayo haiwezi kusoma hata CD moja kati ya zile kumi na moja, na toleo lake halina hata mahali pa kupachika draivu ya nje. Mimi natoboa ukuta, sitoboi mashine.

Kila wiki napata mtu wa namna hii. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, ili chalii akija tena nimtumie hapa badala ya kuchoma mate.

Ukinunua CD ya gemu unachukua vitu viwili kwa mpigo, na ni kimoja tu kinachokuwa chako. Plastiki yenyewe, na nakala iliyomo ndani yake, ni mali yako kama kiatu ulichovaa. Gemu kama kazi ya sanaa, yaani michoro, muziki na msimbo wake, inabaki ya walioitunga. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na nyimbo, kwa hiyo kuzidurufu na kuziuza ni kosa. Lakini kuuza ile plastiki moja uliyoinunua ni jambo jingine kabisa.

Wamarekani walishalipigania hili kabla babu zetu hawajaona redio. Mchapishaji mmoja alichapa onyo ndani ya kitabu kwamba atakayekiuza chini ya dola moja anavunja hakimiliki. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, Bobbs-Merrill (mchapishaji) dhidi ya Straus (wenye duka), mwaka 1908, na mchapishaji akashindwa: ukishauza nakala, haki yako ya kuipangia nakala hiyo bei imeishia pale. Mitumba yote ya soko letu la Kilombero inaishi juu ya wazo hilohilo, hata kama hakuna muuza viatu aliyewahi kusikia jina la Straus.

Gemu ya kushusha mtandaoni haina plastiki. Ulichopewa ni leseni, ruhusa ya kucheza, iliyofungwa kwenye akaunti yako. Huwezi kumuuzia jirani, na ukipoteza akaunti umepoteza kabati zima. Kitufe lakini kimeandikwa "Nunua". Neno hilo limewakera watu hadi California wakatunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayodai duka la mtandaoni limwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Wapo wanaoicheka, wanasema ni sheria ya kubadilisha maneno tu. Mimi naiona ni afadhali. Muuza maziwa akichanganya maji, angalau aandike kwenye dumu.

Sasa njoo kwenye kibanda cha gemu, maana huko ndiko mambo yanakoonekana.

Mwaka 2022 EA, kampuni inayotengeneza gemu ya mpira ya FIFA, na shirikisho la FIFA lenyewe walitangaza kuachana. FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo, na Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24 (ambayo mtaani kwetu inaitwa FIFA, na itaendelea kuitwa FIFA hadi Mlima Meru ulale). Mwezi huohuo, kuanzia FIFA 14 hadi FIFA 23, zote ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekwisha kununua aliendelea kuipata kwenye akaunti yake, lakini anayeitaka leo hana pa kuinunua kidijitali. Si kwamba zimeharibika. Mkataba wa jina umekwisha, basi. Gemu ya mpira ni kama daladala iliyojaa: ndani yake kuna jina la shirikisho, nembo za timu, sura za wachezaji, nyimbo za menyu, na kila abiria ana tiketi inayokwisha kwa tarehe yake.

Jamaa mwenye kibanda nyuma ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid hajui habari hizo wala hazimhusu. CD yake ya FIFA 23 ina mkwaruzo kama ramani ya Ngorongoro, ameinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu, na kila jioni inamlipia umeme. Mkataba uliokufa huko ng'ambo haukuweza kuvuka mpaka kuja kuitoa kwenye draivu yake.

Nisije nikaifanya CD kuwa hirizi, lakini. Kuna gemu ya magari, The Crew ya Ubisoft, iliyotoka Desemba 2014. Ili icheze ilikuwa lazima iongee na seva, yaani kompyuta za kampuni, muda wote, hata ukiwa unaendesha peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Wenye CD na wasio na CD wakabaki sawa. Plastiki iko salama, haina hata vumbi, na haifanyi kitu. Kutokana na hilo Mmarekani mmoja mtengeneza video, Ross Scott, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja. Wanachoomba ni kidogo: ukiamua kufunga gemu uliyoiuza, iache katika hali inayochezeka. Hawaombi seva ziwashwe milele. Nimesoma hoja za wanaowapinga na sijaona iliyonishawishi, hasa ile ya kwamba itakuwa ghali mno. Kama gharama ya kuzima kwa heshima ingewekwa kwenye hesabu siku ya kwanza, isingekuwa ghali siku ya mwisho.

Upande wa ufundi ndio unaoniuma zaidi, na huu hauandikwi sana.

Watu wanadhani draivu ya CD ni kama feni: imekufa, tafuta nyingine, pachika, funga skrubu. Kwenye PS4 na PS5 za mwanzo, mashine za Sony, si hivyo. Bodi ya draivu na bodi kubwa ya mashine zimeoana kiwandani. Kila moja ina namba ya siri ya mwenzake. Lenzi ikichoka naweza kuibadilisha, mota pia, hata zile mpira za kuvutia CD zinazoteleza kwa vumbi la kiangazi. Lakini nikileta draivu nzima kutoka kwenye mashine nyingine, modeli ileile, namba ileile, inazunguka vizuri na CD hazisomeki. Kwa hiyo mteja akiniletea draivu ambayo bodi yake imeungua kwa umeme kupanda ghafla, kazi yangu inageuka kuwa ya kutafuta ufa kwenye njia za shaba kwa lenzi ya kukuzia, saa tatu nne, wakati draivu nzima inayofanya kazi ipo kwenye droo yangu.

Sababu inayotolewa ni hakimiliki: draivu ndiyo inayothibitisha kuwa CD ni halisi, kwa hiyo inalindwa isichezewe. Marekani kuna sheria ya 1998, DMCA, inayokataza kuvunja kufuli za namna hiyo hata kama nia yako ni kukarabati tu. Mwaka 2021 ofisi yao ya hakimiliki iliruhusu jambo moja: kuivunja kufuli ili kubadilisha draivu ya CD iliyoharibika kwenye mashine ya gemu. Nilifurahi nilipoisoma. Kisha nikafika kwenye kasoro yake: ruhusa ni ya kutumia, ila kumgawia mwenzako kifaa cha kufanyia kazi hiyo bado ni marufuku. Yaani unaruhusiwa kufungua mlango, ufunguo ujichongee mwenyewe.

Kisa kingine kidogo, cha betri. Ndani ya PS4 kuna betri ya duara, CR2032, ile ya kwenye saa za ukutani za kidijitali na rimoti za gari. Inatunza saa ya mashine. Kwa miaka mingi betri hiyo ikifa, na mashine haina intaneti, hata CD halali ilikataa kucheza, kwa sababu mfumo wa vikombe, zile tuzo anazopewa mchezaji, ulitaka kujua ni saa ngapi. Sony walirekebisha kwenye toleo la 9.00 la programu yao, Septemba 2021, tena kimyakimya. Mpaka leo nikipokea PS4 ambayo haijawahi kusasishwa, jambo la kwanza ni kuisasisha kwa flashi, la pili ni betri.

Najua kuna anayesoma na kunong'ona: mafundi wa gemu nao waanze kuhubiri hakimiliki? Haki yake. Mji huu umejifunza gemu kwa PS2 zilizopigwa chipu, ili zisome CD za kuchoma zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mimi mwenyewe nilijifunza kulehemu waya mwembamba kama unywele kwa kuweka chipu hizo. Sijivunii na sijifichi. CD halisi haikuwepo dukani, na kama ingekuwepo bei yake ilikuwa kodi ya chumba. Nimeacha kazi hiyo, kwa sababu nimekutana na vijana wa hapahapa wanaotengeneza gemu za simu na nimeona jinsi mtu anavyokaa miezi kwa jambo linalonakiliwa kwa dakika moja. Lakini nimeona pia kwamba CD halali ya mkono wa pili ndiyo iliyowatoa wengi kwenye ya kuchoma. Ikipatikana kwa bei ya mtumba, mtu hana haja ya kuiba. Ukiufunga mlango wa mtumba, usishangae dirisha likivunjwa.

Na wanaofunga mlango huu walishawahi kuusifia. Juni 2013 Microsoft walitangaza kwamba mashine yao ya Xbox One ingetaka kuingia mtandaoni kila baada ya saa 24, na ingebana uuzaji wa CD zilizotumika. Sony wakajibu kwa video fupi ya "jinsi ya kuazimana gemu kwenye PS4": mtu anampa mwenzake boksi, mwenzake anasema asante. Watu walicheka hadi Microsoft wakarudi nyuma siku chache baadaye. Haya, Novemba 2024 Sony hao wakatoa PS5 Pro, dola 700 kasoro senti moja, bila draivu. Ukitaka draivu unainunua pembeni, na ukiipachika mara ya kwanza lazima iingie mtandaoni iidhinishwe. Sijui yule wa kwenye video angempa mwenzake nini sasa.

Nintendo wao wameleta chotara. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ina kadi za kawaida, na ina nyingine ambazo ndani hamna gemu, ni ufunguo tu. Unapachika kadi, inakuagiza ushushe gemu nzima mtandaoni, na baada ya hapo kadi lazima ibaki ndani kila unapocheza. Kwa haki, kadi hiyo unaweza kuiuza au kuiazimisha, haijafungwa kwenye akaunti ya mtu, kwa hiyo ni bora kuliko leseni tupu. Lakini kila anayeipokea anaanza kushusha upya, na siku seva ikifungwa unabaki na plastiki. Si kwamba haiwezekani kufanya vizuri: Cyberpunk 2077 ya mashine hiyohiyo ilikuja ikiwa kamili kwenye kadi ya GB 64. Kadi kubwa ina gharama, na wengine wameona gharama hiyo ailipe mteja kwa bando.

Bando ndilo neno ambalo watu wa huko hawalifikirii. Gemu kubwa za sasa zinavuka GB 100. Mwenye faiba Njiro anasubiri usiku mmoja. Wa Sombetini anayejiunga kwa GB moja moja kwa simu, hilo kwake ni hadithi.

Turudi kwa mama. Duka lilikataa kuirudisha mashine kwa sababu boksi limefunguliwa. Nikamshauri tuziuze CD, na pesa itakayopatikana tumnunulie mtoto gemu moja ya kushusha, atumie intaneti ya hapa kwangu usiku, nikiwa nimelala. Akaniangalia kama mtu anayeshauriwa auze kuku anunue picha ya kuku.

"Na hiyo moja, akiichoka, ataiuza?"

"Hapana, mama. Hiyo haiuziki."

Akanyamaza kidogo, akaanza kuzipanga CD juu ya meza moja baada ya nyingine, zilizo nzima upande huu, zenye mikwaruzo upande ule, kama nyanya. Kwa wiki moja tumeuza saba, nyingine kwa yule jamaa wa nyuma ya uwanja. Gemu tumeinunua juzi. Usiku wa kwanza ilifika asilimia 40, umeme ukakatika. Jana ilifika 71. Zile CD nne bado ziko kwenye droo, mwenye kuzitaka apite.