NULL: pale hifadhidata inapojibu "sijui"

Swali la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, likikosewa sarufi halina shida kubwa. Linakataa papo hapo, unalirekebisha, unaendelea na kazi. La kuogopa ni lile lililoandikwa sawasawa, likakubali, likaleta jibu lisilo la kweli. Hilo linaweza kusomwa mbele ya mkutano mkuu na likapigiwa makofi. Ukifukua chanzo chake, mara nyingi utakuta NULL.

NULL ni alama ya kwamba thamani haipo au haijulikani. Si sifuri, wala si neno tupu (ingawa programu ya hifadhidata ya Oracle huhesabu neno tupu kuwa NULL, jambo linalowatesa wanaohamia huko kutoka PostgreSQL, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo). Kwa hiyo ukilinganisha kitu chochote na NULL, jibu haliwi ndiyo wala hapana. Linakuwa "sijui". Hata NULL kwa NULL hazilingani, maana vitu viwili usivyovijua huwezi kuapa kwamba ni kimoja. Ndiyo sababu kutafuta watu wasioandikiwa kata kwa kuandika kata = NULL hakuleti mstari wowote; inatakiwa kata IS NULL.

Tuchukue chama cha ushirika cha kufikirika wilayani Rungwe, kinachokusanya parachichi za Hass. Kina jedwali la wakulima na jedwali la mapokezi ya mzigo. Mwenyekiti anaomba majina ya wanachama ambao hawajaleta hata kilo moja msimu huu, ili bwana shamba awatembelee. Karani anaandika:

SELECT jina FROM wakulima
WHERE namba NOT IN (SELECT namba_mkulima FROM mapokezi);

Jibu linarudi bila mstari hata mmoja. "Mwenyekiti, wote wameleta," anasema karani, na kwa kilichopo kwenye skrini hajasema uongo. Ila mle kwenye mapokezi kuna mstari mmoja wa siku ambayo mvua ya Tukuyu ilikuwa haikatiki, gari la mnunuzi linaunguruma nje, na mzigo ukapokelewa kwa mtu ambaye fomu yake ya uanachama ilikuwa haijakamilika. Sehemu ya namba yake ikaachwa wazi.

Mstari huo mmoja unatosha kufuta orodha nzima. Hifadhidata inaisoma NOT IN hivi: namba ya mkulima huyu iwe tofauti na 101, na iwe tofauti na 102, na iwe tofauti na NULL. Mkulima namba 145, ambaye kweli hajaleta kitu, anavuka 101 na 102 bila tatizo. Kisha anaulizwa: je, 145 ni tofauti na namba nisiyoijua? Huenda ndiyo hiyo hiyo, huenda siyo. "Kweli" ikiunganishwa na "sijui" kwa AND inazaa "sijui", na WHERE hupitisha "kweli" peke yake. Walioleta wanaondolewa kwa haki, wasioleta wanaondolewa kwa shaka, na hakuna anayebaki.

Dawa yake ni NOT EXISTS, ambayo huuliza tu kama kuna mstari uliopatikana au la:

SELECT w.jina FROM wakulima w
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mapokezi m
WHERE m.namba_mkulima = w.namba);

Kwa maoni yangu, NOT IN juu ya safu inayoruhusu NULL haifai kuandikwa kabisa, hata kama leo safu hiyo imejaa.

Ndugu wa kosa hilo ni alama ya "si sawa". Tuseme wanachama ni 200: 80 wa Kiwira, 105 wa kata nyingine, na 15 hawakuandikiwa kata. Ukiuliza kata = 'Kiwira' unapata 80; ukiuliza kata <> 'Kiwira' (kata isiyo Kiwira) unapata 105. Wale 15 hawako huku wala kule. Jumlisha pande mbili uone kama zinafika 200. Hicho ni kipimo cha haraka, nacho hufichua mengi. PostgreSQL ina IS DISTINCT FROM kwa kazi hiyo, ambayo huihesabu NULL kuwa tofauti na Kiwira.

Upande wa hesabu ndiko kwenye mjadala. Mizigo mitatu: kilo 40, kilo 60, na mmoja wenye NULL. COUNT(*) inasema 3, COUNT(kilo) inasema 2, na AVG(kilo) inasema 50, kwa kuwa inaruka isiyojulikana. Je, wastani wa 50 ni kosa? Inategemea ile NULL ilimaanisha nini. Kama mzani ulikuwa mbovu siku hiyo, 50 ni jibu la uaminifu. Kama mtu alikuja mikono mitupu na karani akaacha wazi badala ya kuandika 0, wastani wa kweli ni 33.3. Hifadhidata haiwezi kukuamulia hilo.

Ndipo watu hukimbilia COALESCE, inayoweka thamani uliyoichagua mahali pa NULL, kila mahali. Kwenye malipo inafaa: kilo * bei - makato ikikutana na makato yenye NULL, malipo yote yanakuwa NULL na mkulima anaondoka bila chake, kwa hiyo COALESCE(makato, 0) ni sahihi ikiwa kutoandikwa kunamaanisha hakukatwa. Lakini COALESCE(kilo, 0) kwa mzigo ambao haukupimwa ni kumdhulumu mtu kwa fomula.

Edgar F. Codd, Mwingereza aliyebuni mfumo wa uhusiano, msingi wa hifadhidata za majedwali, akiwa IBM na kuuchapisha mwaka 1970, aliliona tatizo. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama mbili: moja ya "ipo ila hatuijui", nyingine ya "haihusiki". SQL ilibaki na moja. Kwa hiyo mkulima asiye na simu na yule ambaye simu yake haikuulizwa wanafanana kabisa kwenye jedwali.

LEFT JOIN, inayounganisha majedwali mawili na kubakiza kila mstari wa lile la kushoto, nayo huzaa NULL hata kama majedwali yamejaa, na sharti kama m.kilo > 20 likiwekwa kwenye WHERE litawaondoa wasioleta. Lihamishie kwenye ON, sehemu inayotaja masharti ya kuunganisha.

Kinga ya kweli ni NOT NULL, yaani kuikataza safu isiachwe wazi, wakati wa kuunda jedwali. Sharti la jedwali kama CHECK (kilo > 0) halitoshi, kwa sababu CHECK hukataa "si kweli" tu na kuipitisha "sijui", kinyume cha WHERE. Na usikwepe kwa kujaza 9999 pasipojulikana. NULL angalau AVG huiruka. 9999 itaingia kwenye wastani kama kilo halali.