Baba mkali, mtoto aliyekulia Marekani

Katika kikao cha ushauri wa familia, kijana wa miaka 15 ananiambia baba yake hampendi. Ushahidi anao: hajawahi kusifiwa, anaulizwa alama za hesabu tu, na simu huzimwa saa nne usiku. Baba, ambaye ameshinda dukani tangu alfajiri, anabaki ameduwaa. Kwao Korea Kusini, kumfuatilia mtoto hivyo ndiko kumpenda.

Familia za Kikorea hapa Los Angeles zimenifanya nirudie mara nyingi utafiti wa Rohner na Pettengill wa mwaka 1985. Vijana wa Korea Kusini, walipobanwa na wazazi, waliona wanajaliwa. Vijana wa Kikorea waliokuwa Marekani, walipobanwa, waliona hawatakiwi. Ndiyo maana sianzi kwa kumwambia baba alegeze kamba. Kwanza nataka kujua mtoto anamlinganisha na baba wa nani.

Lugha ndiyo huvuruga zaidi. Kikorea kina usemi wa heshima, jondaemal, na usemi wa marika, banmal. Mzazi haambiwi "neo", yaani "wewe". (Msomaji wa pwani hahitaji maelezo hapo.) Kiingereza kina "wewe" moja tu, ya mbwa, ya mwalimu na ya baba. Mtoto anajibu kama anavyojibu shuleni, baba anasikia tusi. Na mtoto huyohuyo ndiye anayemsomea baba barua za benki na kumfasiria maneno ya daktari. Anajua deni la nyumba kabla hajaota ndevu. Baba akizidisha ukali wakati huo, mimi huona ndani yake aibu zaidi kuliko hasira.

Akina mama wana njia yao. Baada ya ugomvi, wengi hawatamki samahani. Humenya peasi, wakalikata vipande, wakaingia nalo chumbani kwa mtoto. Au huuliza "bap meogeosseo?", umekula wali? Mtoto anaitika bila kuinua macho, hajui kwamba ameshaombwa radhi.

Basi kijana nampa kazi ya wiki moja: aandike kila sahani iliyoletwa mlangoni kwake, na kabla ya sahani hiyo kulitokea nini. Kazi ya baba ni ngumu zaidi. Asimulie mwaka wake wa kwanza Marekani, kwa Kikorea, na mtoto aulize kila anapokwama. Dakika za mwanzo huwa ni kodi ya pango na bei za bidhaa. Nawaacha wapite huko.