Kevu ya jostiki ije mwisho

Machalii wanaoniletea kompyuta zao hapa Kijenge niwapangie DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani wa ndege za kivita, huwa wamekuja na ugonjwa na dawa yake wenyewe. "Fundi, ndege inanikimbia mkononi, niongezee kevu." Kevu ni mpangilio unaoifanya jostiki iwe laini karibu na katikati. Nikifungua mipangilio nakuta imeshapandishwa mpaka 40, na ndege bado inatapatapa. Mimi siigusi kevu mpaka mengine yote yakae sawa, na kwa ndege nyingi za kivita za siku hizi sifiki hata huko.

Kinachovuruga watu wengi ni mihimili (axis), yaani mielekeo ya mwendo wa vifaa, iliyogongana. Ukichomeka kifaa kipya, DCS hukigawia kazi bila kukuuliza. Ukiwa na jostiki, throto na pedali, si ajabu kukuta pedali zimepewa kulaza mbawa huku jostiki nayo ina kazi hiyohiyo. Vifaa viwili vinagombea usukani mmoja, halafu wewe unalaumu mkono wako. Ingia Options, kisha Controls, chagua ndege yako juu kushoto (kila ndege ina mpangilio wake, wa F-16 hauhamii kwenye MiG), halafu chagua Axis Commands. Kila kifaa kina safu yake. Pita safu moja baada ya nyingine ufute kila kitu ambacho hukukiweka mwenyewe, ubaki na kuinua pua na kulaza mbawa kwenye jostiki, nguvu ya injini kwenye throto, usukani wa mkia kwenye pedali. Safu ya kipanya iache, ile ni ya kuzungusha kichwa rubani aangalie pembeni.

Sasa ruka angani na ubonyeze Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kitatokea kijisanduku kinachoonyesha jostiki, throto na usukani wa mkia vimekaa wapi kwa macho ya programu yenyewe. Ondoa mikono kabisa. Alama ikitulia katikati, kifaa ni kizima. Ikitetemeka au kurukaruka bila kuguswa, hakuna namba ya kwenye menyu itakayoiponya, maana tatizo liko ndani ya kifaa.

Na ndani mara nyingi ni vumbi. Jostiki za bei nafuu hupima mwendo kwa potenshiometa, kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitasa cha sauti cha redio ya zamani, na wote tunajua kitasa hicho kikichakaa kinavyokwaruza. Kuna kipande kinachosuguana na njia ya kaboni. Vumbi la kiangazi cha Arusha likiingia hapo, usomaji unaruka. Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, ile inayokauka bila kuacha mafuta, husaidia kwa muda. Jostiki yenye sensa za Hall, yaani vihisio vya sumaku, haina msuguano huo: sumaku inapita karibu na sensa bila kuigusa, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall huko Marekani mwaka 1879. Thrustmaster T.16000M inazo kwenye mhimili wa kuinua pua na wa kulaza mbawa, na hata anayetumia mkono wa kushoto anaweza kubadili vipande vyake imkae. Kama unanunua ya mtumba, uliza sensa kabla ya kuuliza idadi ya vitufe.

Sehemu moja tu ndiyo naweka eneo mfu (Deadzone), yaani kipande cha katikati ambacho ukikisogeza ndege haisikii, bila kusita, nayo ni ule mzunguko wa kusokota jostiki unaotumika badala ya pedali. Mkono wa binadamu hauwezi kulaza jostiki kulia bila kuisokota kidogo, kwa hiyo pua inatelezea pembeni bila wewe kujua na risasi zinapita kando ya shabaha. Weka Deadzone ya 5 hapo, hata 8. Kwenye kuinua pua na kulaza mbawa acha 0, au 2 kama jostiki imezeeka. Ukizidisha, kila unapojaribu kurekebisha kidogo ndege inakaa kimya, kisha inashtuka, na kukaa nyuma ya ndege ya kujaza mafuta angani kunakuwa mateso.

Throto ndiyo inayonikalisha muda mrefu kuliko kitu kingine, na ndiyo watu huipita haraka. Kwanza iwekee alama kwenye kisanduku cha Slider, ili programu ijue mhimili huu unaanzia mwanzo na sio katikati. Kama kusukuma mbele kunapunguza nguvu, weka na Invert. Hapo throto inafanya kazi, lakini bado haijawa throto ya ndege ya kivita. F/A-18C ina nguvu ya kawaida, halafu juu yake kuna afutabana, ambapo mafuta humwagwa na kuwashwa ndani ya bomba la kutolea moto. Rubani halisi huhisi kizuizi mkononi kabla ya kuvuka mpaka huo. Wewe mwenye throto ya plastiki huwezi kuhisi chochote, na baadhi ya za bei ya chini zina kizuizi katikati kabisa ya mwendo, mahali ambapo hakina maana yoyote kwa ndege hii. Matokeo yake unaruka ukidhani uko kwenye nguvu ya kawaida kumbe moto unawaka nyuma, na mafuta yanakwisha kabla hujamwona adui.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Ukiwa angani, sukuma throto polepole huku ukiangalia vipimo vya injini upande wa kushoto chini: mtiririko wa mafuta na uwazi wa nozeli, ule mdomo wa bomba la kutolea moto. Pale nozeli inapofunguka ghafla na namba ya mafuta kupaa, afutabana imeshika. Rudisha kidogo mpaka izime, bandika kipande cha selotepu kwenye throto usawa huo. Halafu rudi kwenye mipangilio ya mhimili, washa User Curve. Utaona vitelezi 11. Tafuta viwili vinavyopakana karibu na alama yako, vipe thamani moja, ile ya chini kidogo tu ya pale moto unapowaka. Umetengeneza uwanda: throto inatembea kipande kizima bila nguvu kubadilika, na ili kuwasha afutabana lazima usukume kwa makusudi. Hii ndiyo kevu pekee ninayoipenda kwa moyo wote. Anayeanza na Su-25T, ambayo inakuja bure na DCS, hana haja ya haya. Ndege ile haina afutabana.

Kuhusu kuifunga jostiki: juu ya meza ni pabaya. Bega linapanda, kiwiko kinaning'inia, na mkono uliochoka ndio unaotetemesha ndege. Mafundi wa kuchomelea kule Unga Limited watakutengenezea kibanio cha bomba la mraba cha kufunga kwenye kiti, jostiki ikae kati ya mapaja au kando ya nyonga kulingana na ndege unayoipenda. Nenda na kifaa chenyewe, wapime matundu ya skrubu.

Sasa kevu. Mwendo wote wa jostiki lazima ufike 100 mwishoni, kwa hiyo kila ulichokipunguza katikati kinarudi pembezoni kwa ukali zaidi. Mwenye kevu ya 40 anaruka vizuri akienda moja kwa moja. Akiingia vitani na kuvuta jostiki hadi karibu na tumbo, ndege inakamata ghafla na mbawa zinapoteza mnyanyuko.

Vijana wengi hapa wanaitaka MiG-21bis, kwa sababu J-7 za Kichina, ambazo jeshi letu la Tanzania, JWTZ, limekuwa nazo miaka mingi, zimetokana na MiG-21. Ndege hiyo tayari ina mtambo uitwao ARU unaobadilisha uwiano wa jostiki na mkia kulingana na kasi na mwinuko. Ukienda kasi, mvuto uleule wa mkono unasogeza mkia kwa kiasi kidogo kuliko ukienda polepole. Ukiongeza kevu yako juu ya hapo, unapigana na mtambo. F-16 imekwenda mbali zaidi: jostiki yake halisi husikia nguvu ya mkono na haisogei ila kidogo sana, na kompyuta ndiyo inayoamua mkia ufanye nini. Hizo mbili naziacha 0, au 10 kwa mwenye jostiki fupi sana.

Ndege za Vita Kuu ya Pili ni habari nyingine. Spitfire ina usukani wa pua mwepesi mno, na fimbo ya ndege halisi ni ndefu kuliko kijiti chako cha mezani, hivyo sentimita moja yako ni kubwa kuliko sentimita moja ya rubani yule. Hapo weka 15 hadi 20 kwenye kuinua pua. Kwenye kulaza mbawa, iache.

Vitufe havina siri: trimu, ile inayosawazisha ndege usilazimike kuivuta muda wote, iwe kwenye kitufe cha kofia juu ya jostiki, breki ya hewa kwenye throto, na kitufe kimoja cha kidole kidogo kifanye kazi ya kubadilisha maana ya vingine.

Ukimaliza, nakili folda ya Input iliyo ndani ya Saved Games, DCS, Config, uiweke kwenye flashi. Ukihamisha jostiki kutoka tundu moja la USB kwenda jingine, wakati mwingine Windows huiona kama kifaa kipya na mipangilio yote inapotea. Kwa hiyo andika pia kwa kalamu, kwenye waya wenyewe, ulikuwa tundu gani.