Sarafu za kwenye gemu: dhana zinazowamalizia wachezaji mtaji

Kijana wa Sakina au wa Majengo kule Moshi anayeanza Old School RuneScape au Albion Online kwenye simu hupewa ushauri uleule kila anapouliza: pambana na majitu, panda leveli, pesa itakufuata. Tumezichukua gemu hizi mbili kwa sababu zote unaanza bure, zinachezeka kwenye simu, na bei za sokoni hupangwa na wachezaji wenyewe kwa kununua na kuuza. Na wengi huishiwa hapo sokoni, wakiwa na leveli kubwa tu.

"Nilichokusanya mwenyewe ni bure"

Dhana hii inakula watu kuliko zote, kwa sababu hasara yake haionekani. Tazama mchezaji mpya wa RuneScape anayechinja ng'ombe na kupeleka ngozi kwa fundi wa Al Kharid. Begi lina nafasi 28. Sarafu za kumlipa fundi zinashika nafasi moja, hivyo anabeba ngozi 27. Fundi anatoza sarafu 1 kwa ngozi laini na 3 kwa ngozi ngumu. Tuseme siku hiyo ngozi mbichi inauzwa sarafu 150 na ngumu 148. Akiuza zote zikiwa ngumu anapata 3,996, anafurahi. Angeziuza mbichi angepata 4,050, na zile 81 za fundi zingebaki mfukoni. Kazi ya ziada imemtia hasara ya sarafu 135 kabla ya kodi ya soko, pamoja na muda wa kutembea.

Mama anayeuza unga Kilombero analijua hili hata kama mahindi yametoka shambani kwake. Hesabu yake inaanza na bei ambayo gunia lingeuzwa kabla ya kusagwa. Fanya hivyohivyo: fungua bei ya malighafi, ongeza gharama ya kuichakata, ndipo uangalie bei ya bidhaa iliyokamilika.

Kuchakata kunalipa pale gemu inapokurudishia sehemu ya malighafi. Katika Albion, ukisafisha malighafi kwenye mji wa kifalme usio na utaalamu nayo, inarudi takribani asilimia 15.2. Ukiipeleka kwenye mji wake, asilimia 36.7. Ukitumia na pointi za Focus, zinazotolewa kwa wenye Premium (hadhi ya akaunti inayolipiwa), inafika 53.9. Ngozi ni Martlock, mbao Fort Sterling, nyuzi Lymhurst, mawe Bridgewatch, madini Thetford. Anayesafisha ngozi Thetford kwa sababu tu ndiko alikoanzia maisha anatupa zaidi ya nusu ya marejesho yake.

"Tofauti ya bei ndiyo faida"

Hapa tuhesabu taratibu. Umeweka oda ya kununua silaha kwa silva 10,000 huko Albion (silva ndiyo sarafu yake). Kuweka oda kunatozwa asilimia 2.5, kwa hiyo imekugharimu 10,250. Unaiwekea oda ya kuuza kwa 11,500: asilimia 2.5 nyingine ni kama 288. Ikinunuliwa, kodi ya mauzo ni asilimia 8 kwa asiye na Premium, yaani 920. Mkononi zinabaki 10,292. Ile tofauti ya 1,500 uliyoiona kwenye skrini imekuachia silva 42. Mwenye Premium hulipa kodi ya asilimia 4, naye anabaki na 502 kwa biashara ileile.

Ndiyo maana hatumshauri asiye na Premium kulangua bidhaa ambazo bei zake zimekaribiana. Na ukiwa na haraka, ukamuuzia aliyekwisha weka oda yake ya kununua, unakatwa kodi ya mauzo peke yake. Ada ya oda haikuhusu. Mara nyingine bei ya chini kidogo ya papo hapo inashinda bei nzuri ya kusubiri.

Jambo jingine linalosahaulika: seva za Albion zina masoko tofauti na silva haihami. Seva ya Ulaya ilifunguliwa mwaka 2024. Ukitazama video ya mtu anayecheza seva ya Amerika ukanunua kwa bei zake, unanunua kwa bei ya soko ambalo wewe humo.

"Uchawi wa kugeuza vitu kuwa sarafu hauna mwisho"

High Level Alchemy ya RuneScape inahitaji leveli 55 ya Magic, runi (vijiwe vya uchawi) tano za moto na runi moja ya nature kila unapoipiga. Ukishika fimbo ya moto, zile tano za moto hutumii. Kitu kinageuka sarafu sawa na asilimia 60 ya thamani yake ya msingi: rune platebody, kwa mfano, hutoa 39,000 daima. Uchawi mmoja huchukua sekunde 3, hivyo ni mara 1,200 kwa saa, na hapo ndipo watu huzidisha faida ya kitu kimoja kwa 1,200 na kuota utajiri.

Wanachoacha ni kikomo cha ununuzi. Grand Exchange, soko la wachezaji wa RuneScape, inakupa idadi maalumu ya kila bidhaa kwa saa 4. Kikomo kikiwa 70, umezimaliza kwa dakika tatu na nusu, na zilizobaki unasubiri. Anayefaidika huwa na orodha ya bidhaa kumi au zaidi, na bei ya runi ya nature ameiweka ndani ya hesabu.

"Mzigo mkubwa, faida kubwa"

Caerleon, mji mwingine wa Albion, imezungukwa na maeneo mekundu, ambako ukiuawa unapoteza ulichobeba. Ukibeba mzigo wa silva 2,000,000 ili upate faida ya 150,000, kifo kimoja kinafuta safari 13. Gawanya mzigo. Na umeme ukikatika au bando likiisha njiani, mhusika wako hatoweki papo hapo. Anabaki amesimama barabarani. Kwa mtandao wa kuyumba, bakia kwenye njia kati ya ile miji mitano mingine.

"Kununua sarafu kwa mtu wa WhatsApp ni njia ya mkato tu"

Ni kinyume cha kanuni za gemu zote mbili, na akaunti hufungiwa. Kama una shilingi za kutumia, njia halali ipo: RuneScape ina Bond, hati unayoinunua kwa pesa halisi na unayoweza kumuuzia mchezaji mwingine kwenye Grand Exchange, na Albion ina dhahabu inayonunuliwa vivyo hivyo na kubadilishwa kwa silva.

Anayeahidi kukuzidishia sarafu mara mbili ni mwizi, bila ubaguzi. Wapo pia wanaobadilisha kiasi dakika ya mwisho. RuneScape huandika sarafu kwa njano mpaka 99,999, kwa nyeupe na herufi K kuanzia 100,000, na kwa kijani na herufi M kuanzia milioni 10. Maana yake 100K na 1000K zote ni nyeupe, na kwenye kioo kidogo cha simu sifuri moja hupita bila kuonekana. Skrini ya pili ya mabadilishano huorodhesha vitu kwa maandishi. Isome yote, na kama mwenzako anakuharakisha, bonyeza kukataa.